Nahama baada ya wiki sita, nauza samani za zamani: niliyojifunza kwa kuumia, na ninayoomba kujifunza kwenu

#1 Mhamaji (mleta uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Nina wiki sita kuanzia leo, na nyumba ninayokwenda ni ndogo kuliko hii. Kwa miaka 14 tumekusanya vitu: seti nzima ya makochi, makabati mawili ya nguo, kabati la vyombo, vitanda vitatu, rafu za vitabu, stuli zisizo na idadi, na meza moja ya kulia ambayo nitaieleza mwishoni. Zaidi ya nusu ya vitu hivi haina pa kukaa kule.

Nafungua uzi huu kwa sababu mara ya mwisho nilipohama niliumia. Nilianza kuuza siku tisa tu kabla ya kuondoka. Nilikuwa na kabati la nguo la milango mitatu, mbao ngumu tupu, vanishi bado inang'aa. Mnunuzi wa kwanza alitaja nusu ya bei yangu. Nikamkatalia, tena kwa ukali, maana niliona amenidharau. Wa pili akataja theluthi. Siku mbili kabla ya gari kufika nikampigia yule wa kwanza, akasema ameshapata kwingine. Asubuhi ya kuhama tukagundua kabati halipiti mlangoni, kwani fundi alikuwa ameliungia mlemle chumbani. Tukalivunja kwa nyundo ili nikabidhi chumba kitupu. Nililia, na sioni haya kulisema hapa.

Tangu siku ile naamini jambo moja: bei ya samani ya zamani haipangwi na ulichoinunulia. Inapangwa na siku ulizobakiza. Mwenye wiki sita anauza. Mwenye siku mbili anaomba vichukuliwe.

Baadaye nikaja kusoma kwamba ukaidi wangu wachumi walishauchunguza. Mwaka 1990 Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha majaribio waliyofanya na wanafunzi. Nusu yao waligawiwa vikombe, wawe wenye navyo. Nusu nyingine wakaulizwa wangevinunua kwa kiasi gani. Waliopewa walitaka zaidi ya mara mbili ya kile wenzao walikuwa tayari kutoa, na kikombe chenyewe walikuwa wamekishika kwa dakika chache tu! Sasa fikiria kabati ulilolifungua kila asubuhi kwa miaka kumi. (Thaler ndiye aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2017.) Nilipoyasoma hayo nikaelewa kuwa yule bwana wa kwanza hakunidharau. Yeye aliona kabati, mimi nilikuwa naona miaka yangu.

Safari hii nimeanza hivi. Nimepima vyumba vya nyumba mpya, nikavichora kwenye karatasi ya miraba kwa kipimo cha 1:20, yaani mita moja inakuwa sentimita 5. Kisha nimekata vipande vya boksi kwa kipimo hichohicho, kimoja kwa kila samani, na usiku tunakaa na mke wangu tunavisogeza. Kinachokosa nafasi kwenye karatasi hakitaipata kwenye nyumba. Nimepima pia milango, korido na kona ya ngazi, maana kochi linaweza kuenea sebuleni vizuri na likagoma kwenye kona ya ngazi.

Sasa maswali. Nipange bei vipi? Nianze na kipi? Na hiyo meza: ni ya marehemu baba. Ni kubwa, watu wanane wanaenea, na kule sebule nzima inamezwa nayo. Roho inakataa kuiuza. Wenye uzoefu nisaidieni.

Naomba kuwasilisha.

#2 Kiti cha Mbele

Nimewahi siti. Mimi nahama mwezi ujao na sijagusa hata stuli. Umenitia hofu, mkuu, lakini ya heri.

#3 Fundi Randa

Mleta uzi, pole kwa lile kabati. Nimeona mengi yakivunjwa hivyo, na kila mara naumia kama ni langu.

Niongee kama fundi. Kabla ya kupanga bei, jua unauza nini. Toa droo, igeuze, tazama ubao usiopakwa rangi. Ukiona mishipa ya mbao inaendelea kutoka usoni mpaka kwenye ukingo, hiyo ni mbao halisi. Ukiona chembechembe zilizogandishwa kwa gundi, hiyo ni chipubodi, hata kama juu imevalishwa karatasi yenye sura ya mninga. Tazama pia jinsi pembe za droo zilivyoshikana. Zikiwa zimechongwa meno yanayoingiana, mtu alizifanyia kazi kwa mkono au kwa mashine nzuri, na hilo liandike kwenye tangazo. Wanunuzi wanaojua mbao hulitafuta neno hilo.

Chipubodi ina tabia mbili. Ikinywa maji huvimba na hairudi. Na skrubu ukiitoa na kuirudisha kwenye tundu lilelile, mara ya pili au ya tatu haishiki tena, kwa sababu zile chembe zimeshasagika. Kwa hiyo kabati la chipubodi ukiweza liuze likiwa limesimama, mnunuzi alione, kisha lifunguliwe mara moja tu kwenda kwake. Usilifungue wewe kwanza "ili liwe tayari". Kwa mbao halisi hofu hiyo ni ndogo: tundu likilegea unajaza vijiti vya mbao na gundi, unaacha ikauke, unatoboa upya.

Kufungua samani ili isafiri si jambo la jana. Kiti namba 14 cha Michael Thonet, cha mwaka 1859, kilikuwa vipande sita vya mbao iliyopindwa kwa mvuke, skrubu kumi na nati mbili. Viti 36 vilivyofunguliwa vilienea katika sanduku la mita moja ya ujazo. Huyo alifikiria safari kabla ya kufikiria kukaa, na mimi humheshimu sana.

Skrubu za kila kitu weka kwenye mfuko mdogo, ufunge mfuko ndani ya droo ya kitu chenyewe. Usizichanganye kwenye kopo moja. Nimeitwa mara nyingi kuunga vitanda ambavyo skrubu zake zilibaki nyumba ya zamani.

Mwisho, bungua. Ukiona vitundu vidogo vya milimita moja au mbili, usiogope kabla ya kuchunguza. Tandika karatasi nyeusi chini yake siku kadhaa. Ukikuta unga mpya umedondoka, mdudu yu hai ndani. Pasipo unga, huenda ni matundu ya zamani na wenyewe walishaondoka. Vyovyote iwavyo, mwambie mnunuzi. Usizibe kwa rangi ya viatu ukanyamaza.

#4 Mama Pacha

Nakazia la fundi kuhusu kusema ukweli, na naongeza kunguni. Samahani kwa kulitaja, ila wengi hulionea aibu na ndivyo wanavyosambaa.

Mimi nilinunua kitanda kizuri sana, bei ya kutupa. Wiki ya tatu wanangu wakaanza kuamka na vipele. Tulihangaika nusu mwaka. Kunguni mkubwa anaweza kukaa miezi bila kunyonya damu, kwa hiyo ukisikia "kimekaa stoo muda mrefu" usione ni usalama. Wanajificha kwenye mishono ya godoro, kwenye nyufa za chaga, nyuma ya ubao wa kichwani, hata kwenye tundu la skrubu. Tafuta vidoa vyeusi kama ncha ya kalamu na maganda waliyojivua. Kuanika juani peke yake hakutoshi, kwa sababu joto la kuwaua, nyuzi kama 50 za Selsiasi, lazima lifike hadi ndani kabisa na likae.

Kaka Mhamaji, godoro ukiona dalili usiuze wala usigawe. Na ukilitupa, lichane na uliandike kwa kalamu nene kwamba lina kunguni, mtu asije akaliokota.

La pili ni vitanda vya watoto wachanga. Vile vya zamani ambavyo ubavu mmoja unashushwa na kupandishwa, Marekani walipiga marufuku kuvitengeneza na kuviuza mwaka 2011, hata vilivyotumika, kwa sababu ubavu ukichomoka mtoto hunasa na kukosa hewa. Popote ulipo, hicho kivunje. Na samani ya rangi ya mafuta ya miaka mingi usiipige msasa sebuleni ili ipendeze kwenye picha. Rangi za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi. Huko huko Marekani zilizuiwa kwa matumizi ya nyumbani mwaka 1978, na vumbi lake ni sumu kwa watoto.

#5 Mhamaji (mleta uzi)

Mama Pacha, ubarikiwe. Jana usiku nimepindua vitanda vyote vitatu nikiwa na tochi. Viko salama. Kitanda cha mtoto tulichonacho ni cha aina hiyohiyo uliyoitaja. Nilikuwa nimeshakiandikia tangazo. Nimelifuta, na kesho nakikata.

#6 Mnunuzi wa Vilivyotumika

Habari wakubwa. Mimi kazi yangu ni kununua samani zilizotumika na kuziuza. Watu hutuita walanguzi, lakini nitasema kweli jinsi tunavyofikiri, labda itawasaidia.

Ninapopigiwa simu, swali langu la kwanza si bei. Namuuliza mtu, "Unahama lini?" Jibu lake ndilo linalonipa bei. Akisema "mwezi ujao", najua ana muda wa kutafuta mwingine, nami naweka kitu cha maana mezani. Akisema "Jumamosi hii", nataja theluthi na ninajua atanipigia tena Ijumaa. Kwa hiyo ukiulizwa, jibu kwamba kitu kinapatikana kuanzia leo. Huo si uongo, na tarehe yako ya kuhama haimhusu mtu.

Theluthi nayo si dharau, mleta uzi. Nalipa wabebaji, nalipa gari, kitu kinakaa bohari miezi, nakipiga msasa na vanishi, na vingine haviuziki kabisa. Ukitaka bei ya mtumiaji, muuzie mtumiaji. Mimi ni wa kumaliza vilivyobaki.

Na mkimwita mtu kama mimi, msimruhusu achague vizuri tu. Nikiachiwa, nitachukua makochi na kabati la vyombo nikuachie rafu zilizopinda na stuli za mguu mmoja kuregea, nawe utalipa mtu aje azitupe. Nifungie vitu pamoja. Sema, "Makochi yanakwenda na rafu." Nitalalamika, lakini nitachukua.

#7 Kiti cha Mbele

Mkuu hapo juu, asante kwa kusema wazi. Swali la "unahama lini" nimeulizwa jana na nikalijibu mpaka saa ya gari!

#8 Mlinda Mfuko

Upande wa matapeli, kwa ufupi.

Anayekubali bei yako yote bila kuiona samani, kisha anasema "atatuma mtu kuichukua", mwogope. Mara nyingi hufuata moja kati ya haya: anadai amekutumia zaidi kwa bahati mbaya, umrudishie tofauti, au anaomba namba ya uthibitisho iliyoingia kwenye simu yako "ahakikishe wewe ni mtu wa kweli". Namba ile ni ufunguo wa akaunti yako. Usimpe mtu. Na ujumbe unaosema pesa zimeingia hautoshi. Fungua akaunti mwenyewe, uone salio, ndipo mlango wa gari ufungwe.

Tangazo lisiseme nyumba itakuwa tupu tarehe fulani. Kitu kikiwezekana kitoe barazani kabla mnunuzi hajafika, asiingie hadi vyumbani. Uwe na mtu mwingine nyumbani, na iwe mchana.

#9 Bibi Harusi wa Zamani

Naomba kupingana kidogo na hewa ya uzi huu. Mimi nilikosea upande wa pili: niliuza vingi mno.

Nilipohama nilijiambia nitaanza upya. Nikauza meza ya kusomea ya msaji, kitanda, na kabati dogo la urithi. Fedha iliyopatikana haikutosha kununua hata nusu ya vitu kama hivyo. Nikanunua vya chipubodi, na mwaka wa pili droo zikawa zinachomoka na mkono. Nimekuja kuelewa kwamba kuuliza "nitapata ngapi nikiuza" hakutoshi. Uliza pia "nitatoa ngapi kupata kingine kinachofanya kazi hii, na kitadumu miaka mingapi", halafu linganisha na gharama ya kukibeba. Kabati la chipubodi lenye miaka minane, ambalo safari italiua tu, liuze. Kitanda cha mbao ngumu kinachofunguka vipande vinne, kipakie.

Na kitanda unacholalia usikikabidhi mapema kwa tamaa ya mteja aliye tayari. Chukua malipo ya awali, mpangie siku ya mwisho. Nililala sakafuni siku kumi na moja, na mgongo wangu bado unakumbuka.

#10 Mhamaji (mleta uzi)

Dada, hili la kwako limenigusa. Tumerudi kwenye vipande vya boksi na kuokoa kitanda kimoja na rafu ndefu.

Wiki ya tatu imeisha, nirudishe taarifa.

Niliuza kwanza visivyotumika kila siku: stuli, meza ndogo, kitanda cha wageni. Makochi na kabati la vyombo yamefuata. Vitanda vyetu ni vya mwisho kabisa. Bei nilipanga kwa kutazama vitu vya aina hiyo vinavyotangazwa, na hasa vile vilivyotoweka haraka, maana bei iliyokaa miezi mitatu bila mtu si bei. Nikaacha nafasi ndogo ya maelewano na kujiwekea sheria: kisichopata mpigaji simu ndani ya wiki moja kinashuka, bila kubishana na nafsi.

Picha zimefanya kazi kuliko maneno. Tangazo la kwanza la makochi nilipiga usiku chini ya taa, nguo zimetupwa juu yake. Simu moja tu. Nikayasogeza karibu na dirisha, asubuhi, nikapiga mbele, nyuma, chini, na picha moja ya karibu ya mahali paka alipokwaruza. Nikaandika urefu, kina na kimo kwa sentimita. Simu tisa. Aliyeyachukua alisema alikuja kwa sababu ya ile picha ya mikwaruzo. Alisema, "Nikaona huyu hafichi." Hakuomba hata kupunguziwa.

Kabati moja lilikwenda kwa bei chini ya nilivyotaka. Safari hii sikukasirika. Niliwasaidia kulishusha ngazi.

Imebaki meza. Mdogo wangu wa kike ndiye mwingine mwenye haki nayo. Nimempigia, naye hana nafasi. Tumekaa kimya kwenye simu muda mrefu.

#11 Fundi Randa

Mhamaji, hiyo meza lala chini yake na tochi. Si utani. Mafundi wa zamani walichonga kila mguu uingie kwenye kona yake, na waliweka alama kwa patasi ili isichanganywe: mstari mmoja, miwili, mitatu, minne, mguuni na kwenye fremu. Ukizikuta, meza hiyo inafunguka na kuungika tena bila kulegea, alimradi kila mguu urudi kwao. Piga picha za alama umpe atakayeichukua.

Na kama moyo ni mzito, usiiuze kwa anayelipa zaidi. Iuze kwa anayeihitaji kwa ukubwa wake ule ule. Usikubali aje mtu wa kuikata.

#12 Mama Pacha

Kama una picha ya baba yako akiwa na hiyo meza, iweke kwenye fremu. Mimi cherehani ya mama ilikwenda hivyo, na picha ipo ukutani. Pole, kaka.

#13 Mhamaji (mleta uzi)

Wakuu, tumehama. Naandika nikiwa nyumba mpya, nimekaa kwenye boksi la vitabu.

Fundi, alama zilikuwepo. Niliishi na meza ile tangu utoto, nimefanyia kazi za shule juu yake, na sikuwahi kutazama chini. Mistari imechongwa kwa patasi, safi kabisa. Na kando yake, kwa penseli iliyofifia, vipimo vya mwandiko wa baba. Sikujua kuwa alikuwepo ilipotengenezwa. Nilimtumia mdogo wangu picha, akanipigia huku analia, kisha yeye ndiye aliyesema, "Itoke, kaka. Isikae stoo."

Walikuja watu watatu. Mmoja alitaka mbao zake tu. Wa pili alitaka kuipunguza iwe ya watu wanne. Wa tatu ni mama mmoja anayelea watoto wa ndugu zake pamoja na wake, na wamekuwa wakila kwa zamu kwa sababu meza haiwatoshi. Alitaja kidogo kuliko wote. Mke wangu alinitazama, nami nikaitika kwa kichwa.

Tuliifungua pamoja na mwanawe mkubwa. Nilifunga skrubu kwenye mfuko, mfuko kwenye droo, kama ulivyosema fundi.

Jana usiku yule mama akanipigia. Wameshaunga miguu mitatu, wa mwisho unagoma, je, ule wenye mistari mitatu unakaa wapi? Nikajibu upesi, "Upande wa dirishani," kisha nikakumbuka kwamba kwake dirisha liko kwingine. Nikamwambia awashe tochi, atazame kwenye fremu, kona yenye mistari mitatu kama ule mguu. Nikawa nasikia watoto wanahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, halafu mlio wa mbao ukiingia mahali pake.